Kijani si hewa safi: tupime sumu za zamani Kisii na Nyamira

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Kazi za wateja zilinizidi, halafu nikaenda nyumbani Nyamira, na huko nikapata aibu iliyonifanya niandike makala hii badala ya ile niliyowaahidi kuhusu kuhifadhi nakala za data. Hiyo itakuja, msijali.

Mwaka jana nilitengeneza visanduku vya kupima hewa. Wengi wenu mnavifahamu vifaa vya aina hii: kihisi cha PMS5003 cha kampuni ya Plantower, kibao cha ESP8266, chaja ya simu ya zamani na kopo la plastiki lililotobolewa matundu. Data inakwenda kwenye seva kila baada ya dakika tano, na mtu akifungua ukurasa kwenye simu anaona rangi. Kijani ikiwa chembe za vumbi na moshi ni chache, manjano zikiongezeka, nyekundu zikizidi. Juu ya ile kijani, kwa kiburi cha mtu ambaye programu yake imekubali kuendeshwa mara ya kwanza, niliandika maneno mawili: HEWA SAFI.

Kisanduku kimoja nilikitundika kwa shangazi yangu, nje kidogo ya mji wa Nyamira. Asubuhi moja jirani yake alikuwa akinyunyizia nyanya zake dawa, na upepo ulikuwa unaelekea nyumbani kwa shangazi. Alisikia harufu. Akatazama simu, akaona kijani. Basi akamwacha mjukuu wake alale pale pale barazani. Nilipofika mchana alinieleza hayo yote bila hasira, kisha akaniuliza: "Mwanangu, simu yako inasema hewa ni safi. Basi hii harufu ni ya nini?"

Mtoto hakuugua, tunamshukuru Mungu. Lakini mama wa miaka sabini ambaye pua yake ilikuwa sahihi aliiamini programu yangu, ambayo haikujua lolote kuhusu jambo hilo. Jioni hiyo hiyo niliyafuta yale maneno mawili. Sasa panasomeka VUMBI KIDOGO.

Tulipokuwa tunakunywa chai akaniuliza swali la pili, gumu zaidi. "Na ule unga mweupe tuliokuwa tunatia kwenye mahindi zamani, ile DDT, iliisha kweli?"

Swali hilo ndilo nataka tulijadili leo. Nami nitayasema maoni yangu mapema ili anayetaka kupinga aanze kujiandaa: Kisii na Nyamira hazihitaji ukurasa mwingine wenye rangi kuhusu hewa, na namaanisha hata wangu. Zinahitaji visahani vya sponji vilivyotundikwa kati ya mabakuli ya chuma, mahali pale pale, mwaka baada ya mwaka, na jedwali la data ambalo mtu yeyote anaweza kulipakua. Kifaa hicho hakina betri wala kompyuta wala antena. Kwa sisi watu wa programu hilo linauma kidogo, lakini ndivyo ilivyo.

Tuanze na sababu ya kisanduku changu kushindwa. Kihisi cha bei nafuu kinarusha mwanga wa leza na kuhesabu jinsi chembe zinavyoutawanya. Hakijui chembe hizo ni za nini: moshi wa kuni, vumbi la barabara ya Keroka au chavua ya mahindi, vyote kwake ni vivuli. DDT na jamaa zake, kwa sehemu kubwa, huelea kama mvuke, na mvuke hauna kivuli. Tena kiasi chake ni kidogo mno. Chukua hewa yenye mikrogramu 20 za vumbi laini katika kila mita moja ya ujazo, na pikogramu 50 za DDT katika mita hiyo hiyo. Mikrogramu moja ni pikogramu milioni moja. Kwa hiyo vumbi limeizidi DDT mara 400,000. Kumtafuta huyo mmoja kwa kuhesabu kundi zima ni kazi bure.

Najua kuna atakayesema, si kuna vihisi vya mvuke? Vipo, vile vya oksidi ya metali vinavyouzwa pamoja na vibao vya Arduino. Nimewahi kuwa navyo. Ukikaanga kitunguu vinapiga kelele, ukijipulizia manukato vinapiga kelele, gesi ikivuja vinapiga kelele. Haviwezi kukutajia jina la kemikali moja katikati ya mamia.

Sasa kuhusu hizo sumu zenyewe. Dawa nyingi za kuua wadudu huvunjika kwa siku au wiki, lakini ziko chache ambazo hukaa kwa miaka, huyeyuka katika mafuta ya mwili, hupanda kutoka mnyama hadi mnyama na husafiri mbali kwa hewa. Mkataba wa Stockholm, uliopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika Mei 2004, ulianza na kemikali kumi na mbili. Tisa kati yake ni viuatilifu, na kati ya hivyo ziko DDT, aldrini, dieldrini na heptaklori. Kenya iliuridhia mkataba huo Septemba 2004. Orodha imekuwa ikirefushwa: lindani iliongezwa mwaka 2009, endosulfani mwaka 2011, na mwaka 2025 ikaingizwa klorpirifosi, pamoja na ruhusa za muda kwa baadhi ya matumizi. Hiyo ya mwisho si historia ya shangazi. Ni dawa ambayo wajenzi na wakulima wa Kenya wa leo wanaifahamu vizuri.

DDT ilipigwa marufuku katika kilimo nchini Kenya mwaka 1986. Kwenye udongo nusu yake huweza kuchukua kati ya miaka 2 na 15 kupotea, kutegemea udongo na hali ya hewa, na kwetu kwenye joto sehemu kubwa "hupotea" kwa kupanda hewani. Haijaangamia, imehama tu. Inapanda mchana jua likiwa kali, inashuka mahali penye baridi, kisha inapanda tena. Kwa hiyo jibu la haraka kwa shangazi ni kwamba ule unga haukuisha siku serikali ilipoukataza. Umebaki kiasi gani pale kwake, hilo halijibiwi kwa kukisia. Linapimwa.

Kupima kwenyewe ni jambo la kupendeza kwa urahisi wake. Unachukua kisahani cha sponji ya poliurethani, kipenyo sentimita 14, unene sentimita 1.35. Ni ndugu wa sponji ya godoro, lakini tafadhali usikate godoro lako, kwa sababu sponji ya maabara husafishwa kwanza kwa viyeyushi hadi isiwe na kitu. Unakitundika kati ya mabakuli mawili ya chuma kisichoshika kutu, la juu kubwa, la chini dogo, yakiwa yamefunikana na kuachwa nafasi katikati. Mvua haiingii, jua haliingii, hewa inapita. Kemikali zinapenda sponji kuliko hewa, kwa hiyo zinanasa taratibu. Baada ya miezi mitatu unakifunga kwenye karatasi ya aluminiamu, unakiweka kwenye mtungi, unakipeleka maabara. Huko wanakichemsha katika kiyeyushi saa nyingi, wanausafisha mchuzi wake na kuuingiza kwenye mashine mbili zilizounganishwa: kromatografia ya gesi, inayotenganisha kemikali moja moja, na spektromita ya masi, inayozitambua kwa vipande vyake.

Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Kisahani kama hicho hupitiwa na takriban mita 3 hadi 4 za ujazo za hewa kwa siku. Tuseme ni 4, kwa siku 90, jumla mita 360. Maabara ikikuta nanogramu 20 za kemikali fulani, na kisahani cha ulinganisho ambacho hakikutundikwa kikiwa na nanogramu 2, unabaki na 18. Gawanya kwa 360, unapata nanogramu 0.05, yaani pikogramu 50 kwa kila mita ya ujazo. Lakini kama hewa iliyopita ilikuwa mita 3 kwa siku, jibu linakuwa karibu pikogramu 67. Sponji ni ile ile, maabara ni ile ile, dhana tofauti. Ndiyo maana wanaojua kazi hii hutia kwenye sponji, kabla ya kuitundika, kiasi kidogo cha kemikali maalumu ambazo hazipo katika mazingira, ili wapime zimepungua kiasi gani na kujua upepo wa mahali hapo ulivyofanya kazi. Ukiona tarakimu inayotangazwa bila maelezo hayo, iulize maswali.

Wala si teknolojia ya sayari nyingine. Mtandao wa dunia uitwao GAPS, ulioanzishwa na Wizara ya Mazingira ya Kanada, umekuwa ukitundika visahani hivi tangu Desemba 2004. Mwaka 2008 mtandao wa MONET, unaoendeshwa na kituo cha RECETOX cha Chuo Kikuu cha Masaryk mjini Brno, ulivileta katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo. Baadaye wanakemia wa Chuo Kikuu cha Nairobi walipima hewa na udongo kwa njia hii Industrial Area, Dandora, Kabete na eneo la Mlima Kenya, wakachapisha matokeo mwaka 2017. Wakenya wanaijua kazi hii tayari.

Tanzania kuna mfano ninaoupenda zaidi. Huko Vikuge, Kibaha, mkoani Pwani, ghala la viuatilifu vilivyopitwa na wakati lilianguka na DDT pamoja na dawa nyingine vikaachwa kwenye udongo. Watafiti wa Tanzania walipotaka kujua sumu ilivyosambaa walichuma majani machanga ya miembe ya karibu na kuyapima. Jani lina nta, na nta hunasa kemikali hizi kama sponji inavyonasa. Mwembe umekuwa maabara! Kisii hatuna miembe mingi hivyo, lakini maparachichi je?

Mfano ulionifanya nibadili mawazo kabisa lakini ni wa Uganda. Kwenye ufuo wa kaskazini wa Ziwa Viktoria, Kakira na Entebbe, watafiti walivuta hewa kwa pampu kubwa katika vipindi kadhaa kati ya 1999 na 2010. Jumla ya DDT na mabaki yake ilikuwa na wastani wa kati ya pikogramu 22.8 na 130 kwa mita ya ujazo, ikitegemea kituo na mwaka. Sasa angalia klorpirifosi pale Entebbe: mwaka 2008 wastani ulikuwa 93.5, mwaka 2009 ukawa 26.1, mwaka 2010 ukawa 3.54. Hizo si pikogramu. Ni nanogramu, kipimo kikubwa mara elfu.

Soma tena tarakimu hizo. Aliyepima mwaka 2008 peke yake angesema hali ni mbaya sana. Aliyepima mwaka 2010 peke yake angesema tulieni. Wote wangekuwa na mashine nzuri na wote wangetupotosha. Tena sumu ambayo kila mtu huiogopa kwa jina, DDT, ilikuwa ndogo sana ikilinganishwa na ile iliyokuwa inauzwa dukani wakati huo huo bila mtu kushtuka. Mradi wa miezi sita wenye picha za ufunguzi na fulana ungetuambia nini?

Kuna atakayesema, kama Nairobi na Entebbe zimepimwa, tuchukue hizo. Haiwezekani. Sensa ya watu ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii ni zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba, na hao si wa magorofani. Huwezi kusema mji unaishia hapa na shamba linaanzia pale. Toka Daraja Mbili sokoni, tembea dakika chache, uko kwenye migomba. Mtu ananyunyizia sukuma wiki hatua kumi kutoka dirisha la jirani. Katikati ya mji duka la agroveti linapakana na hoteli ya chai, na harufu ya rafu zake inafika mezani (mtakubaliana nami, wale mmewahi kusubiri matatu pale). Tena tuko kwenye vilima, mita zaidi ya 1,600 juu ya usawa wa bahari, na usiku hewa baridi hutelemka na kutulia mabondeni mpaka jua lipande. Hewa ya Dandora haina la kusema kuhusu bonde la Nyakomisaro.

Upande wa pili, kuna jambo linalotufaa sana kipimo kikifanyika hapa. Majani chai ya wakulima wadogo wa Kenya kwa kawaida hayanyunyiziwi dawa za wadudu. Kwa hiyo kituo kilicho katikati ya chai, tuseme upande wa Kebirigo, kinaweza kuwa kioo cha kulinganishia mji. Kilichoko kote kote kinatoka mbali au kwenye udongo wa zamani. Kilichozidi mjini kina chanzo mjini.

Nami siwezi kuacha kutaja pareto. Kisii na Nyamira zilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyolima ua hili kwa wingi, na Kenya wakati fulani ndiyo iliyoongoza dunia kwa kuliuza. Sumu yake huua mbu na nzi, kisha jua likiichoma huvunjika upesi. Wakulima wengi waliling'oa malipo yalipoanza kuchelewa miaka na miaka, wakapanda vitu vingine, na baadhi ya vitu hivyo vinataka dawa za chupa. Tulikuwa na dawa isiyodumu ikichanua mbele ya nyumba, tukaing'oa. Haya, nisiondoke kwenye mada.

Jambo jingine ambalo watu hawalijui ni kwamba maabara haikupi tu kiasi, inakupa pia umri. DDT ikikaa kwenye udongo hugeuka polepole kuwa DDE. Ukikuta DDE nyingi na DDT kidogo, huo ni mzigo wa zamani, pengine ni ule unga wa mahindi ya shangazi. Ukikuta DDT imeizidi DDE, mtu ameileta juzi. Endosulfani nayo huuzwa ikiwa na ndugu wawili kwa uwiano wa karibu saba kwa tatu, kisha huacha salfeti yake kama alama kwamba wakati umepita. Aldrini, iliyotumika sana dhidi ya mchwa, hugeuka dieldrini. Ni kama kusoma tarehe za faili. Bila hiyo tutabaki kulaumiana: mkulima atasema ni za wazungu wa zamani, mwanaharakati atasema ni za agroveti ya leo.

Uvumi wa namna hiyo upo. Nimesikia watu Kisii wakisema kwa uhakika kwamba wale vijana waliopuliza kuta za nyumba dhidi ya malaria walikuwa wanapuliza DDT. Katika kampeni za karibu mwaka 2000 kule Gucha na Kisii dawa ilikuwa lambda-sihalothrini, mtoto wa maabara wa ukoo wa pareto, siyo DDT. Kwa upande mwingine, si kweli pia kwamba DDT iliondoka Afrika Mashariki zamani zote. Mkataba unairuhusu kwa malaria, na Uganda iliipulizia wilayani Apac na Oyam mwaka 2008 kabla mahakama haijaisimamisha.

Sasa niseme kama mtu wa programu, maana hapa ndipo ninapoweza kusaidia na ndipo ninapoona hatari. Kosa kubwa katika data ya aina hii hutokea mezani, kwenye Excel. Maabara huandika "chini ya kikomo", maana yake: mashine yetu haioni kitu kilicho chini ya hapa. Karani anataka tarakimu, anaweka sifuri. Tuseme vituo vinne, kikomo ni 10. Viwili vimetoa 12 na 15, viwili viko chini ya kikomo. Ukiweka sifuri wastani ni 6.75. Ukiweka nusu ya kikomo ni 9.25. Ukiweka kikomo chenyewe ni 11.75. Hakuna aliyedanganya, na bado ripoti moja karibu imeizidi nyingine mara mbili. Sifuri na "hatukuona" ni vitu viwili. Kila mwanafunzi aliyewahi kupigwa na NULL kwenye hifadhidata analijua hilo moyoni.

Kwa hiyo jedwali langu lingekuwa na safu ya thamani, safu ya kikomo, safu ya ndiyo au hapana kwamba iko chini ya kikomo, kisha kilichokutwa kwenye kisahani cha ulinganisho, tarehe na saa ya kutundika na ya kushusha, urefu kutoka ardhini, halijoto, maabara, na kipimo kikiandikwa kwa herufi zote, ili nanogramu isije ikageuka pikogramu njiani. Kwa wastani wowote, kanuni yake iandikwe. Vituo vinne, mara nne kwa mwaka, ni visahani 16. Ongeza vya ulinganisho na vya kurudia, tufike 24. Kwa miaka mitano ni 120. Hifadhidata nzima ni ndogo kuliko picha moja ya simu yako! Haihitaji wingu wala akili bandia wala mkandarasi. Inahitaji mtu asiyelifuta na mahali ambapo raia analipata bila kuandika barua, na siyo PDF iliyopigwa skani ikiwa imelala upande.

Nani alipe? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inazipa serikali za kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa. Imeandikwa humo, sikuitunga mimi. Kemia inafundishwa Chuo Kikuu cha Kisii, uzoefu wa kupima uko Nairobi, na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Wadudu inajua kinachosajiliwa na kuuzwa. Sponji na mabakuli ni gharama ndogo. Gharama ni uchambuzi wa maabara, na inajirudia kila robo mwaka bila kitu cha kukatia utepe. Ndiyo maana naogopa kwamba itatafutwa njia ya mkato: vihisi kumi kama vyangu, skrini kubwa ofisini, na neno HEWA SAFI kwa rangi ya kijani.

Pingamizi kubwa nalifahamu, na ni la haki. Daktari mmoja rafiki yangu aliniambia, "Watu wanazila hizi kemikali zaidi ya wanavyozivuta, kwa nini usipime mboga?" Ni kweli, kwa mtu wa kawaida chakula ndiyo njia kuu ya DDT kuingia mwilini, na hewa yenye makumi ya pikogramu haiwezi kumwangusha mtu barabarani. Mboga zipimwe. Lakini mboga ya Daraja Mbili imetoka popote, na kesho itatoka kwingine. Hewa iliyonaswa miezi mitatu mahali pamoja inaonyesha kinachotoka ardhini na madukani, na kama kinapungua. Ndiyo maana mpango wa dunia wa kuufuatilia Mkataba wa Stockholm umechagua hewa pamoja na maziwa ya mama na damu ya binadamu. Kwa kuwa nimeyataja maziwa: Shirika la Afya Duniani bado linawashauri mama wanyonyeshe, sumu hizi zikiwepo au zisiwepo. Asije mtu akamwachisha mtoto kwa sababu ya makala yangu. Nimeshafanya kosa moja la kutosha.

Mimi niko tayari kutengeneza na kutunza jedwali bure, kwa programu huria, kwa idara yoyote ya kaunti au ya chuo itakayotundika visahani kwa angalau miaka mitatu. Kwa mradi wa miezi sita, samahani, tafuteni mwingine.

Nilipomweleza shangazi kuhusu mabakuli na sponji alicheka sana, kisha akasema kama ni hivyo tu, kitundikwe kwenye mparachichi wake nyuma ya jiko, yeye atakilinda. Nikamwambia karibu na jiko moshi utaharibu. Akawaza kidogo, akanionyesha kwa kidole nguzo ya zamani katikati ya chai, mbali na nyumba, mbali na nyanya za jirani. "Pale," akasema. "Pale hata mbuzi hafiki."